Banda Kwanza, Mbwa Baadaye

Mtu wa wilaya ya Karagwe hahitaji kufafanuliwa neno chotara. Alianza kulisikia kwa ng'ombe wa maziwa, damu ya Friesian ilipochanganywa na ya ng'ombe wa pembe ndefu wa Ankole, kisha akalisikia tena kwa kuku wa Sasso na Kuroiler wanaofika wakiwa vifaranga ndani ya maboksi yenye matundu. Neno hilo sasa limehamia kwa mbwa, na limehama na matumaini yake yote: maziwa zaidi, mayai zaidi, kukua upesi. Kwa hiyo kijibwa cha manyoya marefu, uzito wake kilo nne au tano hata akikomaa, kikiletwa mjini Omurushaka kwa jina la chotara hupokelewa kwa hesabu ileile ya mfugaji: amechukua uzuri wa baba na uzuri wa mama, basi atakuwa mzuri mara mbili. Hesabu hiyo ina kasoro. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inamfanya mnunuzi amkague mbwa, macho yake, rangi yake, masikio yake, huku nyumba anayoipeleka roho hiyo ikibaki bila kukaguliwa na mtu yeyote.

Tuanze na huo uchotara wenyewe. Mfugaji aliyewahi kutotolesha mayai ya kuku chotara anajua kilichotokea: vifaranga hawakufanana na mama, wala hawakufanana wao kwa wao. Mbwa hana tofauti. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron wa chama kinachofundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu alipandisha Labrador na Poodle kwa ajili ya mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mume wake alidhurika na manyoya ya mbwa. Watoto walizaliwa watatu. Sampuli za manyoya na mate yao zilipopelekwa kupimwa, mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ndiye aliyefaa. Tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja, na mmoja kati ya watatu. Conron baadaye alisema wazi kwamba anajuta, maana biashara ya machotara wa mapambo ilienea duniani kwa kuuza kile ambacho hata yeye hakuweza kukihakikisha. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliochunguza mbwa zaidi ya 18,000 walikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ikiwa kwa mbwa wa ukoo unaojulikana mambo ni hayo, anayekuhakikishia kwamba chotara wake wa wiki nane atakuwa mpole kwa watoto anakuuzia maneno.

Wapo watakaojibu kwamba walau afya ya chotara ni imara, kwa sababu damu mchanganyiko haina udhaifu wa damu moja. Hoja hii ina mguu wa kusimamia. Ndugu wakizalishana vizazi kwa vizazi, magonjwa ya kurithi huongezeka, na hilo halibishaniwi. Lakini uchunguzi wa mbwa zaidi ya laki tano wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta umri wa kuishi wa kati wa mbwa wa ukoo mmoja ni miaka 12.7 na wa machotara ni miaka 12.0. Nguvu ya kuchanganya damu hutegemea wazazi walikuwa na nini cha kuchanganya. Wazazi wawili wenye magoti yanayochomoka hawazai goti zima kwa kuwa tu makabila yao ni tofauti.

Kuna jambo jingine linalogeuza mjadala wote juu chini. Yule mbwa mwekundu, mwenye manyoya mafupi na mkia uliojikunja, anayelala kwenye jivu nyuma ya jiko na ambaye watu humwita koko, yaani takataka ya mchanganyiko, huenda asiwe mchanganyiko hata kidogo. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2009, uliopima mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba mbwa wa Uganda kwa sehemu kubwa sana ni wa asili ya Afrika, hawana damu ya kuja ya kutajika. Kutoka wilaya jirani ya Kyerwa hadi Uganda ni kuvuka mto, na mbwa hajui mpaka. Kwa hiyo katika ua wa Omurushaka mwenye ukoo ni koko, na koko halisi ni yule chotara aliyeletwa kwa boksi. Silisemi hili ili kumdhihaki mtu aliyetoa fedha zake. Nalisema kwa sababu mbwa wa kienyeji amechujwa na maisha yetu kwa karne nyingi: aliyeshindwa kuishi kwa ukoko wa ugali alikufa, aliyeshindwa na kupe alikufa, aliyeng'ata watoto wa nyumbani aliuawa. Tuliyebaki naye ni mbwa anayetusamehe. Mazoea yote ya ufugaji wa mbwa kwetu, ikiwemo imani kwamba mbwa hujitafutia, yamejengwa juu ya msamaha huo. Kijibwa cha kilo nne hakikuusaini mkataba huo.

Angalia jinsi udogo wa mwili unavyofanya kazi. Katika nyumba nyingi zinazofuga, chupa ya ivamektini ya asilimia 1 huwa haikosekani, na kipimo chake kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Mbwa anajikuna, mwenye nyumba anachukua bomba lilelile la sindano la mililita 5 na kumchoma nusu mililita kwa kukadiria. Kwa hesabu ya ng'ombe, mbwa wa kienyeji wa kilo 15 angestahili 0.3, amezidishiwa, lakini chini ya mara mbili, na kwa kawaida ataamka asubuhi. Kijibwa cha kilo 4 kwa hesabu hiyohiyo kingestahili 0.08, kiasi ambacho bomba hilo halina hata mstari wa kukionyesha. Nusu mililita kwake ni zaidi ya mara sita. Na kama kwenye ukoo wake usiojulikana mlipita mbwa wa kuchungia kondoo wa jamii ya Collie, ambao wengi wao wamerithi kasoro inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo, hapo hata kipimo sahihi cha ng'ombe kinaweza kumpoozesha. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ina hadithi hiyohiyo: tone lililomwagika pembeni kwa mkubwa ni kipimo kizima kwa mdogo. Dawa ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe, na anayetaka kijibwa aulize kabla kama bwana mifugo wa kata yake ana dawa ya mbwa, mizani, na bomba la mililita moja.

Kahawa nayo. Hii ni wilaya inayoanika robusta mbele ya mlango, kwenye turubai au mkeka, na mgeni akifika huwekewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani juu ya meza fupi. Mbegu kavu ya robusta ina kafeini karibu asilimia 2 ya uzito wake, takriban mara mbili ya arabika. Gramu 10 zina kama miligramu 200. Mbwa wa kilo 15 akizila, anapata miligramu 13 kwa kila kilo ya mwili, na pengine hataonyesha zaidi ya kukosa utulivu. Mbwa wa kilo 4 anapata 50 kwa kilo, na hapo moyo hukimbia, misuli hutetemeka, na degedege halipo mbali. Ni kweli kahawa ni chungu na mbwa mzima mwenye akili zake huipita. Lakini mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna kandambili, kamba ya mbuzi na kona ya mkeka, na kwake kisahani kilichosahauliwa mezani ni kitu cha kutafuna kama vingine. Nyumba ambayo haiwezi kukumbuka kuondoa kisahani wageni wakishaondoka si mbaya. Ni nyumba inayofaa mbwa mkubwa zaidi.

Kwa chakula, mdogo ana nafuu na ana balaa. Nafuu ni kwamba kilo nne hazili sana: wastani wa kalori 300 kwa siku, wakati mbwa wa kilo 15 anahitaji kama 850. Gawanya kwa kilo uone balaa lenyewe: mdogo anahitaji nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo, na tumbo lake halina nafasi ya kuzipata kwenye ndizi za kupikwa na mchuzi mwepesi. Mbwa mkubwa anaweza kushiba makapi na bado akapata cha kutosha. Huyu akishiba makapi ameshiba hasara. Anahitaji dagaa, yai, maini, maharage yaliyoiva vizuri, kwa kiasi kidogo lakini kila siku. Akiwa mtoto anahitaji mara tatu au nne kwa siku, kwa kuwa sukari ya damu ya watoto wadogo sana wa mbwa hushuka upesi, na anaweza kulegea na kuzimia kwa kukosa mlo wa mchana mmoja. Nyumba inayofungwa saa mbili asubuhi, baba sokoni, mama shambani na watoto shuleni, ikafunguliwa saa kumi jioni, imeshajibu swali lake.

Linalonishughulisha zaidi ni lango. Mbwa wetu huzurura, hilo ndilo jambo la kawaida, na kwa kijibwa jike kuzurura ni hukumu. Majike wadogo huingia kwenye joto mapema, wengi wakiwa na miezi sita hadi minane, na madume wa mtaani hawaulizi kilo. Mimba huchukua siku kama 63, na ikiwa watoto wamefuata mwili wa baba, jike mdogo hushindwa kuwasukuma. Mbwa aliyekwama kuzaa saa nane za usiku anahitaji upasuaji, na upasuaji unahitaji mtu mwenye kisu, dawa ya usingizi na utayari wa kuja. Kumfunga kizazi mapema ndiyo dawa, lakini daktari anayefanya kazi hiyo inabidi atafutwe kabla ya kununua, kwani akianza kutafutwa tumbo likiwa limeshaonekana muda umekwisha.

Kuzurura kuna upande wake wa umma. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, na makadirio yanayotumika kwa Tanzania ni kama watu 1,500. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa udogo unadanganya kwa namna ya hatari kuliko zote. Mtoto aking'atwa na jibwa jeusi, mtaa mzima unajua na anapelekwa hospitali ya Nyakahanga siku hiyohiyo. Akikwaruzwa na meno ya kijibwa anachocheza nacho kitandani, watu hucheka, na alama mbili ndogo kama za pini husahauliwa kufikia jioni. Virusi haviangalii upana wa kidonda. Kidonda hicho kinastahili maji na sabuni kwa dakika 15 na safari ya hospitali sawasawa na kile cha jibwa, na mbwa mwenyewe anastahili chanjo hata kama hatoki nje ya geti, kwa kuwa mbwa mwingine anaweza kuingia. Ugonjwa ukisambaa kutoka kwa mbwa wa nyumbani hauishii hata kwa watu: mwaka 1994 homa kali ya mbwa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya kando wakatajwa kuwa chanzo. Tangu mwaka 2019 wilaya za Karagwe na Kyerwa zina hifadhi za taifa za kwao, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Majirani wa mbwa wetu si watu peke yao.

Pingamizi linalosikika kuliko yote ni kwamba kijibwa hakilindi. Mbuzi wanaibwa, kahawa inavunwa usiku na mikono isiyo ya mwenye shamba, na wewe unaleta mnyama anayeweza kubebwa ndani ya kikapu cha soko? Hata hivyo, ukitazama mbwa anavyolinda kwetu, mara chache anapambana. Anabweka, mwenye nyumba anaamka, taa inawashwa, mwizi anaondoka. Kazi hiyo ya kengele mbwa mdogo anaiweza, pengine kwa kuzidi, maana wengi wao hubwekea hata upepo kwenye migomba. Asichokiweza ni kumzuia aliyeshaamua kuingia, au kuwafukuza ngedere kwenye mahindi. Kaya yenye zizi mbali na nyumba haitasaidiwa naye. Kaya yenye nyumba moja ya matofali na mlango wa geti itasaidiwa, alimradi masikio yake yavumilie kelele.

Kelele hizo zinatufikisha kwa majirani. Omurushaka imekua. Njia panda ya magari ya Kayanga na ya kuelekea Nkwenda hadi Murongo imezaa maduka, nyumba za wageni na safu za vyumba vya kupanga, milango sita au minane ikitazamana kwenye ua mmoja wenye kamba moja ya nguo na bomba moja. Mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayevutiwa zaidi na mbwa mdogo, na ana sababu, kwani mkubwa hamtoshi. Lakini ua si wake peke yake. Kinyesi chake kitakanyagwa na watoto wa jirani, na minyoo ya mbwa huwafuata watoto hao kwenye udongo. Viroboto na funza hawalipi kodi ya chumba kimoja. Tena kwa jirani Mwislamu, mbwa wa kulinda shamba au mifugo, anayekaa nje, ana nafasi inayotambuliwa na dini. Mbwa wa mapambo anayepita mlango kwa mlango na kulamba ndoo ya maji amemwekea mwenzako kazi ya kuosha chombo mara saba, moja kwa udongo. Mara nyingi watu hudhani mbwa mdogo ndiye asiyemkera jirani. Kwenye ua wa pamoja, kwa nyumba za Kiislamu, mdogo wa ndani anaweza kukera kuliko mkubwa wa nje, na anayehamia na mbwa bila kuzungumza na waliomtangulia anajitafutia barua ya mwenye nyumba.

Dawa ya haya yote watu wa Kagera wanayo tayari, wameizoea kwenye mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Aliyetaka mtamba hakupewa mtamba kwanza. Alijenga banda, akapanda majani ya malisho, akahudhuria mafunzo, kisha wakaja kuangalia. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu ng'ombe chotara hakusamehe: ndigana kali ilimwangusha pale ambapo yule wa Ankole aliyekulia kwenye kupe alisimama. Mbwa chotara mdogo ni habari hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Banda lake ni geti linalofunga hadi chini, pembe kavu ya kulala, bakuli lake peke yake, kitana na mkasi, kwa kuwa manyoya ya aina ya Poodle hayapukutiki, yakiachwa miezi miwili ya masika hushikana na udongo mwekundu kama mkeka na kuficha kupe hadi masikioni. Majani yake ni bajeti ya dagaa. Mafunzo yake ni kujua tarehe za chanjo na za dawa ya minyoo. Kaya inayoweza kukaa na maandalizi hayo mwezi mzima bila mbwa, geti likifungwa kila jioni na kisahani cha kahawa kikiondolewa, imefaulu mtihani ambao muuzaji hawezi kuutoa.

Baada ya hapo ndipo mbwa akaguliwe, na hata hapo jicho lianze kwa mama yake. Mama mzima ndiye anayeonyesha ukubwa na tabia kwa uhakika zaidi kidogo kuliko maneno. Mtoto wa kienyeji mwenye manyoya ya utotoni hupita kirahisi kwa jina la chotara mdogo hadi anapofika kilo kumi. Fungua mdomo. Mtoto wa wiki nane huwa na meno ya maziwa yaliyokaribia kutimia 28, membamba kama sindano. Mwenye fizi zenye nafasi nyingi huenda ameachishwa mapema, na maradhi ya kuhara huweza kumsubiri njiani. Bora zaidi, kama anapatikana, ni chotara aliyekwisha kukomaa, wa mwaka mmoja na kuendelea, ambaye mtu anamwacha kwa kuhama. Huyo hana siri: ukubwa wake ndio huo, kelele zake ndizo hizo, na ukimkalisha na watoto alasiri moja utaona mwenyewe.

Watakaosema hii yote ni starehe ya watu wa mjini wasidharauliwe, lakini wasikubaliwe pia. Mzee anayeishi peke yake baada ya watoto kwenda Mwanza na Dar es Salaam akiwa na mbwa anaye wa kuzungumza naye, na mbwa wa kilo nne hamwangushi anapomrukia. Nyanda hizi, nyingi zikiwa juu ya meta 1,500, zina baridi inayomfaa mwenye manyoya kuliko joto la pwani linalomtesa. Mtu aliyestaafu, anayeshinda nyumbani, mwenye ua wake na geti lake, huenda ndiye mfugaji bora wa kijibwa hiki katika wilaya nzima, kuliko familia changa yenye watoto wanne inayomlilia dukani.

Na familia hiyo changa ihesabu miaka. Miaka 12 ni mingi. Mtoto wa darasa la tatu aliyeahidi kwa machozi kwamba atamlisha kila siku atakuwa bwenini ndani ya miaka mitano au sita, kisha chuoni, na mbwa atakuwa bado yupo, meno yakianza kulegea kama yanavyolegea mapema kwa mbwa wadogo, akitaka chakula laini. Atakayekuwa anamsagia dagaa ni mama, au bibi, au dada wa kazi ambaye hakuulizwa siku boksi lilipoingia. Yeye ndiye wa kuketishwa kwanza na kuulizwa, kabla ya watoto kuonyeshwa picha kwenye simu, naye aachwe ajibu bila kuangaliwa machoni na watoto.